Breki za Gari Kuukuu: Mpira na Paipu Kwanza, Diski Baadaye

Kila mwisho wa mwezi, mishahara ikisha kulipwa, nyua za kambi na za vituo vya polisi hugeuka kuwa gereji. Hapa gari limeinuliwa kwa jeki, pale gurudumu limelazwa chini ya mwembe, na askari aliyevua shati la sare anashindana na nati iliyoshika kutu. Hatuna la kulaumu katika jambo hilo. Askari anayejua kilicho chini ya gari lake ni bora kuliko yule anayejua redio yake tu. Mengi ya magari hayo ni ya Kijapani, yaliyoundwa katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, nayo yatabaki nasi kwa muda mrefu. Sheria iliyopitishwa hapa Uganda mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa, lakini haikumnyang'anya mtu gari alilokuwa nalo tayari.

Hata hivyo yako mazoea mapya ambayo hatuna budi kuyasema waziwazi. Vijana wetu, na hasa maofisa waliotoka chuoni juzi, wameanza kutumia fedha nyingi kununua diski za breki zilizotobolewa matundu na kuchorwa mifereji, pamoja na mipira ya breki iliyosukwa kwa waya unaong'aa. Vitu hivi huonekana vizuri kupitia rimu za aluminiamu, na mwenye gari husimama kando yake kwa fahari. Wapo wanaochukua mkopo kwa ajili hiyo. Sisi hatusemi kwamba vitu hivyo ni vibaya vyote. Tunasema kwamba vinanunuliwa kwa mpangilio uliopinduka, na kwamba mpangilio huo waweza kuua watu.

Hatusemi haya kwa kusikia. Miaka michache iliyopita tulikuwa wanne ndani ya gari dogo la umri huo, tukitoka Kabale kwenda Kisoro kwa mazishi ya baba wa mwenzetu. Magurudumu ya mbele yalikuwa na diski mpya zenye matundu, ambazo tulizilipia kwa taabu, na njia nzima hadi Kanaba tulizisifu. Katika mteremko baada ya Kanaba pedeli ilianza kushuka chini kidogo kidogo. Tukaipiga mara mbili, ikapanda; tukaikanyaga tena kwenye kona, ikazama hadi sakafuni. Mpira wa breki wa gurudumu la mbele kushoto ulikuwa umepasuka. Kilichotuokoa ni vitu viwili. Gari hilo, kama karibu magari yote yaliyoundwa tangu miaka ya 1970, lilikuwa na njia mbili za mafuta ya breki zinazojitegemea, hata mojawapo ilipokatika nyingine ilibaki na nguvu kidogo. Na dereva wetu, koplo mtulivu, alirudisha gia ya pili, kisha ya kwanza, akalisugua gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Upande wa pili, kila aliyepita njia ile anajua kulivyo.

Fundi wa Kisoro aliufungua mpira ule akatuonyesha. Katikati yake palikuwa na alama za meno ya koleo. Yule aliyetufungia zile diski nzuri hakutaka mafuta yamwagike, akaubana mpira wa zamani kwa koleo, akafanya kazi yake, akauachia. "Afande," fundi alituambia, "mmenunua viatu vipya mkavivaa kwenye mguu uliovunjika." Tulinyamaza, maana hakuna jibu la maneno kama hayo.

Tuanze basi pale ambapo sisi tulipaswa kuanza. Mguu unapokanyaga pedeli, masta silinda husukuma mafuta kupitia paipu za chuma zilizo chini ya gari, kisha kupitia mipira mifupi inayounganisha bodi na magurudumu, hadi kwenye kalipa inayobana pedi juu ya diski. Mafuta hayakubali kushindiliwa, ndiyo maana nguvu ya mguu hufika kwenye gurudumu mara moja. Katika kusimama kwa ghafla, kani iliyo ndani ya paipu hizo hufika mara 30 na zaidi ya ile ya upepo wa tairi. Kani hiyo yote inashikwa na mpira wenye unene wa kidole cha mtoto, ambao hupindwa kila usukani unapozungushwa, hupigwa na changarawe, huchomwa na joto la diski, na ambao katika magari yetu mengi haujabadilishwa tangu gari lilipotoka kiwandani.

Mpira huo hufa kwa namna mbili. Namna ya kwanza huonekana: hupasuka nyufa kwa nje, huvimba, hutokwa na jasho la mafuta. Mwenzako akanyage pedeli kwa nguvu huku wewe ukiutazama na kuushika. Ukiona unavimba kama mshipa wa shingo, basi umekwisha. Ukunje kidogo pia, kwani nyufa hujificha pale unapoingia kwenye chuma. Namna ya pili haionekani, na ndiyo inayowadanganya mafundi wengi. Bitana ya ndani hulegea na kuwa kama mlango wa upande mmoja: mafuta yanakwenda yakisukumwa kwa nguvu, lakini hayarudi. Gurudumu hubaki limefungwa nusu, linapata moto, pedi zinakwisha upande mmoja, gari linavuta. Mwenye gari huambiwa kalipa imekufa, hununua kalipa, na ugonjwa unabaki palepale. Kipimo chake ni rahisi. Inua gurudumu, kanyaga breki, achia. Likigoma kuzunguka, fungua skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa. Likiachia mara mafuta yanapotoka, kalipa haina kosa. Mafuta yalizuiliwa njiani, na wa kwanza kushukiwa ni mpira. Lisipoachia, hapo ndipo utazame pistoni ya kalipa.

Kuhusu mipira iliyosukwa kwa waya, maoni yetu ni haya. Ndani yake mna mrija wa tefloni, na juu yake umesukwa waya wa chuma kisichoshika kutu, hivyo hauvimbi kama mpira wa kawaida, na pedeli huwa ngumu na yenye kusikika vizuri chini ya mguu. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini askari asidhani kwamba gari litasimama katika nusu ya umbali. Kama breki zako tayari zaweza kufunga magurudumu yakaburuza, basi kinachoamua umbali wa kusimama ni tairi na barabara, wala si mpira wa breki. Tena waya ule una hasara zake: hufunika ubovu wa ndani usiuone, na ukigusana na kitu chochote huking'ata kama msumeno, hata paipu ya jirani. Ule uliofunikwa kwa plastiki juu ya waya ni afadhali. Anayeuchagua ahakikishe kwamba ncha zake zimeminywa kiwandani, kwamba umeandikwa jina la mtengenezaji na alama ya kiwango cha ubora, kwamba urefu wake unatosha usukani ukizungushwa hadi mwisho pande zote mbili na gurudumu likining'inia, na kwamba unashikwa na vibanio vilevile vya asili. Ukikosa hata kimoja katika hivyo, mpira wa kawaida mpya wa kiwanda kinachojulikana utakufaa zaidi, na fedha itakayobaki utanunulia mingine mitatu. Maana haibadilishwi mmoja. Hubadilishwa yote kwa pamoja. Sisi tunashauri kwamba gari lolote lililopita miaka kumi na mipira yake ya kiwandani ifunguliwe ikatupwe bila mjadala.

Sasa paipu za chuma. Hizi hazina sifa wala hazionekani kupitia rimu, kwa hiyo hakuna anayezinunua mpaka zimwage. Matope ya murram hukaa juu ya vibanio vyake, hushika unyevu, na kutu hula kutoka nje polepole, hasa juu ya tangi la petroli na karibu na eksele ya nyuma, mahali ambapo macho hayafiki. Safisha kwa brashi ya waya. Kama chuma kinabanduka magamba au kimeacha vishimo, paipu hiyo haifai tena. Katika kuchagua ya badala, mafundi wengi hupenda shaba nyekundu tupu kwa sababu hujikunja kwa mkono. Shaba tupu ni laini, na mtikisiko wa barabara zetu huichosha ikapasuka. Iliyo bora ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, kiasi cha nikeli sehemu moja kwa kumi: hujikunja karibu sawa na shaba, haishiki kutu, na haichoki upesi. Viwanda vya magari vya Ulaya, kama Volvo, viliianza tangu miaka ya 1970. Isipopatikana, paipu ya chuma yenye kuta mbili iliyopakwa kinga ya kutu inatosha kabisa.

Hapa pana jambo moja dogo linalobeba roho za watu, nalo ni mdomo wa paipu. Katika magari mengi ya Kijapani mdomo huo hupanuliwa na kukunjwa mara mbili, ili uwe na unene wa kukaliwa na nati. Magari mengi ya Ulaya hutumia mdomo wa umbo la kiputo. Fundi asiye na chombo maalumu hupanua mara moja tu, kama afanyavyo bomba la jokofu, na mdomo huo utapasuka siku utakapouhitaji. Wengine huunga paipu iliyokatika kwa viungio vya kubana vya mabomba ya maji. Askari yeyote akikuta kiungio cha namna hiyo kwenye gari lake, asiliendeshe hata hadi getini. Na kabla ya kununua, peleka nati ya zamani mkononi dukani, iwe ni kule Kisekka au kwenye duka la mji wako, uilinganishe nyuzi kwa nyuzi. Katika magari ya Kijapani kwa kawaida ni milimita 10 na nyuzi za milimita moja. Nati inayoingia kwa kulazimishwa si yake.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani, na maji hayo hushusha kiwango chake cha kuchemka. Aina iitwayo DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikisha kunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kikomo chake hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230, na ikisha kulowa ni 155. Mafuta yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hushindilika, na pedeli huzama ingawa hakuna kilichopasuka. Kwa hiyo yabadilishwe yote kila miaka miwili, na kwa watu wa milimani tunapendekeza DOT 4, ambayo yaweza kuchanganyika na DOT 3 bila madhara. DOT 5 ya silikoni isichanganywe na hizo kamwe. Nasi twajua kwamba wako madereva wanaoongeza maji, au oili ya injini, wakikwama njiani. Maji angalau huweza kusafishwa. Oili ya injini huvimbisha kila mpira ulio ndani ya breki, kuanzia masta silinda hadi magurudumuni, na kazi yote itaanza upya.

Mtu akisha kumaliza hayo, ndipo tuzungumze juu ya diski.

Diski ya breki ni ghala la joto. Gari la kilo 1,200 linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nguvu ya mwendo ya kiasi cha kilojuli 460, na ukisimama, karibu zote hugeuka joto ndani ya breki, sehemu kubwa katika zile mbili za mbele. Kwa kilomita 50 nguvu hiyo ni robo tu. Lakini mlima ni hesabu nyingine. Gari hilo likiteremka mita 500 za kimo, hutoa nguvu sawa na kusimama zaidi ya mara 12 mfululizo kutoka kilomita 100 kwa saa. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na injini, ikiwa dereva ameweka gia ndogo. Asipoweka, zilizobaki zote huingia katika vile vyuma viwili vya mviringo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutafuta katika diski ni wingi wa chuma na mapengo ya kupitisha hewa katikati yake. Uzuri wa uso ni jambo la mwisho.

Ndiyo sababu tunasema kwamba diski ya kawaida, isiyo na matundu, nene kamili, ya kiwanda kinachoaminika, ndiyo inayofaa gari kuukuu la askari. Matundu yalianza katika magari ya mashindano, wakati pedi za zamani zilipokuwa zikitoa gesi zikipata moto. Pedi za leo hazina ugonjwa huo kwa kiasi kile. Kila tundu ni chuma kilichopunguzwa kutoka katika ghala la joto, na ni mahali pa ufa kuanzia. Zile diski zetu za Kanaba, zilipofunguliwa, zilikuwa na nyufa ndogo kama nywele kutoka tundu hadi tundu, na hazikuwa zimetimiza mwaka. Mifereji ni afadhali kuliko matundu, kwa kuwa hufagia vumbi na maji juu ya pedi, lakini huzila pedi upesi na hupiga kelele. Anayeipenda achukue mifereji peke yake. Matundu tunayakataa, na tukiulizwa tena tutayakataa tena.

Kuna wanaotaka diski pana zaidi kutoka gari kubwa. Ni kweli kwamba upana huongeza nguvu ya kukamata. Lakini rimu ya inchi 13 au 14 huenda isiifunike kalipa mpya, na breki za mbele zikizidi nguvu peke yake, zile za nyuma hubaki bila kazi na mizani iliyopangwa na kiwanda huharibika. Kazi hiyo iachiwe wenye vipimo. Diski bila pedi nzuri nayo ni kazi bure. Seti mpya ya pedi ni lazima, tena magurudumu ya kulia na kushoto kwa pamoja. Ngoma za nyuma zisafishwe, silinda zake zikaguliwe kama zinavuja, basi.

Unene mdogo kabisa unaoruhusiwa huandikwa kwenye diski yenyewe, pembeni au katikati, kwa herufi za MIN TH. Kama diski ilianza na milimita 22 na kikomo kilichoandikwa ni 20, basi ikifika 20 ni chuma chakavu, hata kama inang'aa. Wako wanaoichonga kwa mashine ili kuondoa mtetemo, wakairudisha ikiwa 18. Pedi zikiisha juu ya diski nyembamba, pistoni ya kalipa yaweza kutoka nje kupita kiasi na kumwaga mafuta. Kipimo cha mkono cha kupimia unene si kitu cha ajabu. Karakana yoyote ya kijeshi inacho, na mkuu wa karakana hatamkatalia askari aombaye kwa adabu.

Kwa ndugu zetu wa polisi wa barabarani tunalo neno moja. Mwananchi anaposimamishwa kizuizini na kuulizwa habari za breki zake, hutazama pia lile gari binafsi lililoegeshwa kando, ambalo bwana askari alikuja nalo kazini. Tumeliona gari la namna hiyo, mafuta ya breki yakiwa yamechora mstari mweusi upande wa ndani wa gurudumu la nyuma. Hatutalitaja lilipokuwa. Lakini gari la askari si lake peke yake: siku ya likizo hubeba watoto wa majirani wawili, mama wa mwingine anayekwenda hospitali, na jeneza likihitajika.

Katika kufunga, diski mpya ioshwe kwa sabuni na maji ya moto au dawa ya kusafishia breki, kwani imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Uso wa habu ukwanguliwe mpaka uwe chuma kitupu, maana mitetemo mingi inayodaiwa kuwa ni diski kupinda hutokana na kutu iliyobaki hapo, au na nati zilizokazwa kwa pupa. Kaza kwa msalaba, na kama spana ya kipimo ipo, kwa Toyota nyingi ndogo ni niutoni-mita 103. Kalipa isiachwe ikining'inia kwa mpira wake. Ifungwe kwa waya kwenye springi. Mpira usibanwe kwa koleo kwa hali yoyote. Mafuta yakimwagika, yamwagike, na yafutwe kwenye rangi upesi. Toa hewa kwa utaratibu wa kitabu cha gari mpaka hakuna kiputo kinachotoka. Kisha, injini ikiwa imewashwa, kanyaga pedeli kwa nguvu zote kwa dakika nzima huku mwenzako akipitisha karatasi kavu kwenye kila nati na kila kiungo.

Baada ya hapo tafuta barabara tupu, uende kilomita 60 kwa saa, upunguze taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa, mara kumi hivi, kisha uliache gari litembee lipoe kabla ya kuegesha. Siku inayofuata lale tena chini ya gari na karatasi yako kavu. Yule koplo wetu hufanya hivyo kila baada ya miezi mitatu mpaka leo, na mpira uliopasuka Kanaba ameutundika kwa msumari kwenye ukuta wa karakana, juu kidogo ya meza ya koleo.